Yadi, Japani au mkononi mwa mtu: nani atawajibika gari likikugeuka Tabora?

Malipo ya tumbaku yanapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vyao vya ushirika, yaani AMCOS, mazungumzo kuhusu magari hushika kasi katika gereji za Tabora mjini, Urambo, Kaliua na Sikonge. Mwenye akiba ya msimu mmoja au miwili hutaka Noah ya kubeba abiria, Canter ya kusombea mazao, au Toyota IST ya matumizi ya nyumbani. Njia zilizo mbele yake ni tatu: kununua kwenye yadi, ambazo nyingi na zilizo kubwa ziko Dar es Salaam, kuagiza mwenyewe kutoka Japani kwa njia ya mtandao, au kuchukua gari la mtu ambalo tayari linatembea barabarani, mara nyingi kupitia dalali. Ushauri anaopewa karibu wote huhusu bei: wapi ni rahisi zaidi, na nani anaongeza cha juu. Bei ina umuhimu wake, lakini inajibu nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni nani ambaye mnunuzi anaweza kumfikia na kumdai, kwa sheria na kwa hali halisi, siku atakapogundua kwamba gari alilolipia silo alilopewa. Katika njia zote tatu mtu huyo ni tofauti, na mara nyingine hayupo kabisa.

Ugomvi kati ya yadi na uuzaji wa moja kwa moja umefika mbali zaidi nchini Marekani, na ni vyema tukautazama, kwa sababu kila upande hudai kuwa unamtetea mnunuzi. Huko gari jipya huuzwa na wafanyabiashara walioingia mkataba na kiwanda, na katika majimbo mengi sheria humzuia mwenye kiwanda kufungua duka lake mwenyewe. Asili ya sheria hizo haikuwa mnunuzi. Soko lilipoporomoka mwishoni mwa mwaka 1920, na Henry Ford akiwa na madeni yaliyokaribia kuiva, kampuni yake iliwapelekea mawakala magari ambayo hawakuwa wameyaagiza na kuwataka wayalipie; aliyekataa alikuwa hatarini kupoteza uwakala, na wengi wakakimbilia benki kukopa. Malalamiko ya namna hiyo yaliendelea kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1956 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyompa wakala haki ya kukishitaki kiwanda kinachomtendea bila uaminifu, na majimbo yakaongeza sheria zao, zikiwemo zile za kukizuia kiwanda kushindana na mawakala wake. Aliyelindwa alikuwa mfanyabiashara wa mjini dhidi ya kiwanda kikubwa.

Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilipoanza kukabidhi gari lake la Model S mwaka 2012 haikuwa na wakala hata mmoja, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kulindwa dhidi yake. Hata hivyo, vyama vya wafanyabiashara wa magari viliishitaki na kuzishawishi serikali za majimbo, vikisema kwamba bila mawakala wanaoshindana bei itapanda, na kwamba mnunuzi atakosa mtu wa karibu wa kumtengenezea gari au kusimamia waranti. Michigan ilikaza katazo lake mwaka 2014, na kesi iliyofuata ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2020. New Jersey ilizuia mwaka 2014 kisha ikalegeza mwaka 2015. Texas ni kichekesho zaidi: Tesla ina kiwanda kikubwa jijini Austin, lakini haina ruhusa ya kumuuzia mkazi wa Texas gari dukani, hivyo mtu huyo hulinunua kwa mtandao. Maofisa wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, waliandika mwaka huo huo wa 2014 kwamba uamuzi wa namna ya kununua gari ungestahili kuachiwa mnunuzi mwenyewe.

Kwa maoni yangu, mawakala wa Marekani wana hoja moja nzuri waliyoitumia vibaya. Ni kweli kwamba mnunuzi anahitaji mtu aliye karibu, mwenye mlango unaojulikana na mali inayoweza kukamatwa. Lakini hitaji hilo halihalalishi kumfungia mwingine njia. Kinga za kweli za mnunuzi wa Marekani zilikuja kwa sheria zisizojali gari limeuzwa na kiwanda au na yadi. Sheria ya mwaka 1958 ilitaka kila gari jipya libandikwe kioo chake karatasi ya bei na vifaa vilivyomo. Sheria ya mwaka 1972 ilifanya kurudisha nyuma kilomita kuwa kosa la shirikisho. Jimbo la Connecticut lilitunga mwaka 1982 sheria iliyomlazimisha mtengenezaji kubadilisha gari jipya lisilotengenezeka au kurudisha fedha, na majimbo mengine yakafuata. Kuanzia mwaka 1985, kila muuzaji wa magari yaliyotumika, akiuza zaidi ya matano kwa mwaka, anatakiwa kubandika dirishani maelezo yanayosema wazi kama gari lina waranti au linauzwa kama lilivyo. Sheria hizi zote zinauliza mambo mawili tu: muuzaji amesema nini, na gari likiwa kinyume na alichosema atalazimika kufanya nini. Maswali hayo mawili ndiyo yanayomfaa pia mnunuzi wa Tabora.

Tanzania haina ukuta wa namna ya Michigan. Mtu yeyote mwenye namba ya utambulisho wa mlipakodi, TIN, anaweza kuagiza gari kwa jina lake, na maelfu hufanya hivyo. Uhuru huu ni mzuri, ila umezaa dhana isiyo sahihi kwamba anayeagiza Japani amewaruka watu wa kati. Hebu tufuate safari ya gari lenyewe. Mjapani aliyelitumia alilikabidhi kwa duka alipokwenda kununua jipya, duka likalipeleka mnadani, ambako wafanyabiashara wenye leseni pekee ndio huruhusiwa kunadi, kampuni ya kusafirisha nje ikalinunua na kulitangaza mtandaoni, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam, wakala wa forodha akalitoa bandarini, na dereva wa kukodi akaliendesha zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora. Mnunuzi hajamwondoa mtu yeyote wa kati. Alichofanya ni kuacha kumlipa mtu mmoja amsimamie hao wote, akalichukua jukumu hilo yeye mwenyewe, na kila kosa linalotokea kati ya mkono mmoja na mwingine limekuwa lake.

Nguvu ya njia hii iko kwenye karatasi, kwani gari la mnadani Japani husafiri na kumbukumbu ambazo gari la mitaani hapa kwetu halina. Iliyo muhimu kuliko zote ni karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa, na juu ya mchoro huo mkaguzi wa mnada ameandika herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni bati lililowahi kunyooshwa au kupakwa rangi upya, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro, kiasi kwamba A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Kwenye kona huwa kuna daraja la jumla. Gari la 4 au 4.5 liko katika hali nzuri, la 3.5 limechoka kidogo, na lenye R au RA limewahi kupata ajali iliyogusa fremu au nguzo zake kisha likatengenezwa. Gari la R si lazima liwe baya, na huenda likawa la thamani kwa bei yake, lakini mnunuzi anayelipa bei ya daraja la 4 kwa gari la R ameibiwa kwa utaratibu. Muuzaji anayesita kutuma karatasi nzima, au anayetuma picha iliyokatwa kona, ameshajibu swali ambalo mnunuzi hajaliuliza.

Karatasi ya pili ni hati ya kufutwa usajili Japani kwa ajili ya kusafirishwa nje. Humo kuna namba ya chasisi, mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa serikali ya huko. Kilomita hizo zilinganishwe na za kwenye karatasi ya mnada na za kwenye dashibodi gari linapofika. Mwaka wa usajili wa kwanza si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa, na kwetu kodi hufuata mwaka wa kutengenezwa, jambo ambalo limewafanya watu wengi kupiga hesabu ya kodi na kukosea.

Hesabu yenyewe inahitaji kuonyeshwa, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama gari likiwa tayari bandarini. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake, nacho hufuata thamani iliyo kwenye kanzidata ya mamlaka, si bei ambayo mnunuzi amepatana na Mjapani. Tuchukue gari dogo la abiria la cc 1,500, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo kikokotoo kimelithamini dola 3,000 hadi bandarini, na tutumie viwango ambavyo vimezoeleka kwa miaka kadhaa. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 750, na jumla inafika 3,750. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ambao ni dola 187.5, na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, ambao ni dola 1,125. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya vyote hivyo, nayo ni kama dola 911. Kodi peke yake imekaribia dola 2,975, yaani karibu sawa na gari lenyewe, kabla ya tozo ya reli, ada za forodha, usajili, malipo ya wakala na safari ya kuja Tabora. Gari lile lile lingekuwa na umri wa miaka 8 hadi 10, uchakavu ungekuwa asilimia 15, na chini ya hapo usingekuwepo kabisa. Kenya hukataa moja kwa moja gari lenye zaidi ya miaka 8. Sisi tumeamua kulipokea na kulitoza.

Upande wa fedha zinazovuka bahari, hatari iko mahali pawili. Kwanza ni muuzaji hewa, mwenye tovuti inayofanana na ya kampuni inayojulikana na anuani ya barua pepe iliyoongezewa herufi moja. Jumuiya ya Japani ya wasafirishaji wa magari yaliyotumika, JUMVEA, ina orodha ya wanachama wake iliyo wazi kwa yeyote, na ankara ya awali, ambayo wengi huiita profoma, inapaswa kuonyesha akaunti ya benki yenye jina la kampuni ile ile; akaunti yenye jina la mtu binafsi, au barua pepe ya ghafla inayosema kwamba benki imebadilishwa, ni sababu ya kusimama na kupiga simu kwa namba iliyopatikana kwingine. Pili ni kile ambacho bei ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, inamaanisha. Wengi huamini kwamba kwa kuwa muuzaji amelipia meli na bima hadi Dar es Salaam, basi gari ni jukumu lake hadi litakapoteremka. Kwa utaratibu wa biashara ya kimataifa, hatari humhamia mnunuzi gari linapopakiwa melini Japani. Bima iliyonunuliwa ni kwa faida yake, naye ndiye atakayeidai. Gari likifika limekatika kioo au limenyofolewa redio na jeki, swali la kwanza ni kama wakala wa forodha aliandika kasoro hizo kabla ya kulipokea. Asipoandika, kila mmoja katika mnyororo ule ataonyesha kidole kwa jirani yake.

Na daraja likiwa la uongo? Mkataba wa kampuni ya Japani kwa kawaida husema kuwa migogoro itaamuliwa huko. Kampuni kubwa hulinda jina lake na huweza kukubali fidia ndogo baada ya barua pepe kadhaa na picha, jambo ambalo lina thamani yake, lakini hiyo ni hisani ya mfanyabiashara. Mkulima wa Kaliua hatafungua kesi Yokohama.

Yadi ya Dar es Salaam huuza gari lile lile kwa bei ya juu zaidi, na mnunuzi anapaswa kujua tofauti hiyo inalipia nini. Sehemu ni faida na kodi ya eneo. Sehemu nyingine ni kwamba mnunuzi analiona gari, analiwasha, analipanda, na anakwepa kusubiri meli. Lakini kilicho kikubwa zaidi kimo ndani ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyojengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 na ambayo bado ndiyo mhimili wa biashara zetu. Sheria hiyo huingiza masharti ndani ya kila mauzo hata kama hakuna aliyeyataja. Muuzaji yeyote, awe yadi au jirani, huchukuliwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza, na kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo kitalingana na maelezo hayo. Sharti la ubora ni jambo lingine: kwa ujumla humbana yule ambaye biashara yake ndiyo kuuza bidhaa za aina hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa Isevya anayeuza IST yake ili ajenge, na yadi inayouza IST ya mwaka ule ule kwa bei ile ile, hawako sawa mbele ya sheria. Giaboksi ikifa baada ya wiki mbili, mwenye yadi anaweza kudaiwa kwamba aliuza gari lisilofaa kuuzwa. Mwalimu, ikiwa hakudanganya chochote, kuna uwezekano mkubwa asidaiwe.

Kuna kipengele ambacho hugeuka dhidi ya mnunuzi makini. Sheria hiyo haimlindi mtu aliyekagua gari dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Aliyekwenda na fundi wake akalizunguka gari, kisha akaja kulalamikia tairi zilizokwisha au bampa lililopasuka, atajibiwa kuwa aliziona. Hii si sababu ya kuacha kukagua. Ni sababu ya kuandika kilichokaguliwa na kilichoahidiwa, hasa vitu vya ndani ambavyo jicho halifiki. Mkataba wa mauziano unaotaja mwaka, namba ya chasisi, namba ya injini, kilomita na kwamba gari halijawahi kupata ajali una uzito kuliko mkataba wa kurasa tano uliojaa masharti ya malipo. Na palipoandikwa kwamba gari linauzwa kama lilivyo, mnunuzi asome maneno hayo kama punguzo la haki zake, na adai punguzo la bei linalolingana nalo.

Juu ya sheria hiyo ya zamani kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na ina vifungu kuhusu masharti ya lazima katika mikataba ya walaji na mikataba isiyo ya haki. Tangazo la yadi linalosema kilomita 60,000 wakati muuzaji anajua ni 160,000 ni suala la sheria hii, na mlaji anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume. Asitarajie kwamba Tume itamrudishia fedha zake wiki inayofuata. Fedha hudaiwa mahakamani, na kosa la kughushi hati hupelekwa polisi.

Kabla ya kulipa yadi kuna maswali ambayo hayahitaji wakili. La kwanza ni gari ni la nani. Baadhi ya magari yaliyopangwa kwenye yadi yamewekwa na watu binafsi ili yauziwe hapo, na mkataba ukija unabeba jina la mtu ambaye mnunuzi hajawahi kumwona, huku yadi ikijitambulisha kama msimamizi tu. Hapo lile sharti la ubora lililokuwa linahalalisha bei ya juu limeingia ukungu. Mengine ni kama kodi imelipwa au gari bado liko bondi, yaani chini ya forodha likisubiri kulipiwa kodi, kama bei ni pamoja na usajili, na kama risiti itatoka kwenye mashine ya EFD kwa kiasi chote kilicholipwa. Yadi inayopendekeza kuandika nusu ya bei kwenye risiti inampunguzia mnunuzi kiasi atakachoweza kukidai baadaye, maana mahakamani risiti ndiyo itakayosomwa.

Njia ya tatu, gari la mtu, ndiyo inayotumika zaidi mjini Tabora, na ndiyo yenye maneno mengi. “Mzee, hili lilikuwa la mama mmoja wa ofisini, injini haijawahi kufunguliwa, unawasha unaondoka.” Dalali anayesema hivyo mara nyingi si mwongo, amelishika gari tangu juzi, na analojua kuhusu gari ni bei aliyopewa na mwenyewe pamoja na cha juu alichoongeza. Kwa kuwa si yeye anayeuza, ni vigumu kumbana baadaye, hata kama nyumba yake iko Ng’ambo na watu wote wanamfahamu. Anayepaswa kukaa mezani ni mwenye jina kwenye kadi ya gari, akiwa na kitambulisho chake cha taifa. Akisemekana yuko safari Mwanza na amemtuma ndugu, malipo yasubiri safari iishe. Kishika uchumba ambacho madalali hukiomba ili “gari lisiondoke” kilipwe kwa mwenye gari, kwa maandishi yanayosema kitarudishwa iwapo hati zitakuwa na tatizo.

Ukaguzi wenyewe unaweza kufanyika katika gereji yoyote mjini kwa saa moja au mbili, na uanze na namba kabla ya injini. Fundi afungue boneti, afute vumbi kwenye bati linalotenganisha injini na abiria, na namba ya chasisi iliyogongwa hapo isomwe kwa sauti huku mwingine akifuata kwenye kadi. Tarakimu zilizopinda, rangi mpya kuzunguka namba pekee, au alama za kuchomelea karibu yake ni mwisho wa mazungumzo. Kwenye IST za toleo la kwanza, chasisi inayoanza na NCP60 ilitoka kiwandani na injini ya cc 1,300 na NCP61 ya cc 1,500. Kilichoko ndani kikiwa tofauti na kadi, injini imebadilishwa, na mabadiliko hayo yanatakiwa yaonekane kwenye kumbukumbu za TRA. Baada ya hapo ndipo kilomita ziangaliwe. Magari mengi ya Japani hubaki na stika ndogo ya kubadilisha oili kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, imeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zake zinasomeka na kila mtu. Stika ya miaka minane iliyopita inayosema 98,000 kwenye gari ambalo dashibodi yake inasema 74,000 haihitaji mkalimani. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma na usukani uliong’aa ni mashahidi wa pili.

Herufi za namba za usajili nazo husomwa kupita kiasi. Watu husema “ni namba E” kana kwamba wametaja umri wa gari, ilhali herufi huonyesha tu ni lini gari lilisajiliwa nchini. Noah iliyotengenezwa miaka ishirini iliyopita na kuingia nchini juzi itakuwa na herufi mpya kuliko Noah changa iliyoingia kabla yake. Uvumi huu una gharama: mtu aliyelitunza vizuri gari lake la namba C hulazimika kuliuza kwa bei ya mkweche, kwa sababu mnunuzi hana njia ya haraka ya kutofautisha, na wenye magari mazuri hatimaye huyaondoa sokoni au huyauza kwa ndugu. Ndiyo maana gari zuri la mkononi Tabora halitangazwi kwa muda mrefu.

Kadi nayo haitoshi kuwa mkononi. Gari linaweza kuwa dhamana ya mkopo, na mwenye nalo akaripoti kadi imepotea na kupata nyingine. Namba ichunguzwe TRA, ihakikiwe kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, kwani faini hufuata namba ya gari, na bima nayo ithibitishwe. Faini na bima huangaliwa kwa dakika chache kwa mwenye simu.

Tukirudi kwenye suala la nani anafikika, kuna jambo la utaratibu ambalo wanunuzi wa mikoani hawaambiwi. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, kesi hufunguliwa mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, au mahali chanzo cha madai kilipotokea, chote au sehemu yake. Aliyesaini mkataba Dar es Salaam, akalipa huko na kukabidhiwa gari huko, atakuwa na kazi kubwa kueleza kwa nini kesi isikilizwe Tabora, na nauli za kwenda na kurudi kila kesi inapoahirishwa zitamaliza hamu yake ya kudai. Lakini yadi ikikubali kulifikisha gari Tabora, na makabidhiano pamoja na malipo ya mwisho yakafanyika na kusainiwa Tabora, sehemu ya madai imetokea hapa, naye ana hoja ya kweli ya kuidai yadi hapa hapa. Yadi nyingi zinaweza kupata dereva wa kuleta gari kwa gharama inayojulikana. Kwa mtazamo wangu, gharama hiyo ndiyo pesa bora zaidi ambayo mnunuzi wa Tabora anaweza kuiongeza juu ya bei, kuliko redio mpya au rimu za kung’aa.

Ushahidi wa madai hayo siku hizi uko kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama kupokea ushahidi wa kielektroniki, hivyo tangazo la gari, picha ya dashibodi iliyotumwa, na ujumbe wa sauti unaosema “halina tatizo lolote” ni maelezo ambayo gari litapimwa nayo. Vihifadhiwe vikiwa na tarehe na namba ya mtumaji, na visifutwe hata baada ya gari kufika.

Hatua ya mwisho, kuhamisha umiliki, inamhusu muuzaji kama inavyomhusu mnunuzi. Huku kwetu ni kawaida gari kubadilisha mikono mara mbili au tatu likiwa bado na jina la mwenye kwanza, kwa kuwa kila mmoja anakwepa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Mnunuzi anayefanya hivyo hana cha kuonyesha iwapo mwenye jina atafariki na warithi wake wakaorodhesha gari kwenye mirathi. Muuzaji naye, aliyekwisha kula fedha za Canter yake Urambo, ataendelea kuandikiwa faini za mwendokasi za barabara ya Nzega, na Canter hiyo ikimgonga mtu Igunga, polisi wataanza kumtafuta yeye.